So ya Kumi na Tatu

Majina ya watu nayakumbuka yote. Hapa juu ya Kianjokoma, mtoto akizaliwa na wazazi wakakwama kwa jina, hunijia mimi, ambaye wote huniita Cucu, yaani nyanya. Wanaketi, wanapewa chai, halafu baba mtoto anauliza polepole kama mtu anayeuliza njia: "Cucu, yule nyanyake mama yangu, aliyekufa kabla sijazaliwa, aliitwa nani?" Namwambia. Namwambia na jina la dadake, na la yule mtoto mchanga aliyepewa jina hilo akafa, likarudiwa kwa mwingine. Shule niliachia darasa la tatu, huko kwetu Kanyakine, nilipotolewa nikamlee mdogo wangu. Sikuwa na mahali pengine pa kuweka vitu ila kichwani.

Humu lakini sitaandika jina hata moja. Wenyewe hawajanipa ruhusa, na wengi wao hawawezi kuulizwa tena.

Ninachotaka kueleza ni fungu moja la piano, lile refu la So, na kwa nini mwaka ule wote nilikuwa na haraka nalo. Watu wa muziki wana jina lake la Kizungu. Sisi wa kwaya tulifundishwa kwa do-re-mi, mwalimu akituonyesha kwa fimbo kwenye chati ya ukutani, na hayo ndiyo maandishi ninayoyasoma bila miwani. Sauti kadhaa zikipigwa pamoja mimi husema fungu, kama fungu la nyanya sokoni.

Mjukuu wangu, binti wa kwanza wa mwanangu, ana jina langu. Ndiyo desturi ya Embu, na ya kwetu Meru pia: mtoto haitwi jina la mzazi wake. Anamruka huyo na kumshika aliye nyuma yake. Binti wa kwanza ni mama ya baba. Na sisi hatusemi amefananishwa naye. Tunasema ni yeye, amerudi. Ndiyo maana mwanangu humwita bintiye "mama", na hajawahi kumwinulia mkono. Alipokuwa akija nyumbani kutoka kazini Kiambere, kwenye bwawa la stima, alikuwa akiingia uani anaita, "Mama!" Tunaitika wawili.

"Namtaka yule mpya," anasema.

Msichana ananigeukia. "Pole, Cucu. Wewe ni wa mitumba."

Nilimlea tangu alipoachishwa ziwa, kwa sababu mamake alikuwa amepata kazi mbali. Alikulia mgongoni mwangu katikati ya majani chai. Kanisani kwetu kuna piano ya mbao iliyoachwa na Wazungu wa zamani, na vijana walipopata kinanda cha umeme hakuna aliyeigusa tena isipokuwa yeye. Nilikuwa nakaa naye kwenye benchi, ungo magotini, nikichambua maharagwe huku yeye akipiga. Nikajifunza kwa macho. Mafungu matatu: la Do, la Fa na la So. Kwa hayo matatu unaweza kuzika mtu, kuoza mtu na kukusanya sadaka.

Halafu akaenda ng'ambo. Ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Anaogesha nyanya za watu wengine, anawachana nywele, anawakata kucha. Mimi kucha zangu za miguu nakata mwenyewe nikiwa nimeegemea kitanda, na za mguu wa kushoto sizifikii vizuri. Githeri ya mahindi na maharagwe nikipika, napika ya watu wengi, mkono haujajua. Inakaa sufuriani hadi inabadilika, halafu namwagia kuku. Mwanangu huja mwisho wa mwezi, akipata nafasi. Anatengeneza kilichovunjika, anakula, anaangalia saa.

Kwaya ya akina mama ilibaki bila mpigaji, ndipo nikakaa mimi kwenye benchi. Kiongozi wa kwaya ni jirani yangu, tumezaliwa mwaka mmoja, na ulimi wake ni kama upupu.

"Mafungu yako matatu ni kama mwanamke mwenye nguo tatu," aliniambia siku ya kwanza.

"Angalau hakai uchi," nikamjibu.

"Hakai uchi, lakini tunamjua akiwa mbali."

Jumatano ni zamu yangu kufagia kanisa. Namaliza, nafungua piano, naisimamisha simu juu ya vitabu vya nyimbo, nangoja. Kule kwake mjukuu wangu anakuwa ametoka zamu, bado amevaa yale mavazi ya bluu. Kanisa likiwa tupu lina baridi ya peke yake. Ukungu unashuka kutoka msituni, unaingia kwa milango na kukaa kwenye viti vya nyuma kama washiriki waliochelewa. Nilikuwa nangoja na koti langu, mikono kwapani ili vidole visikakamae, na simu ikiita nilikuwa naiacha ilie kidogo, nisionekane nilikuwa nimeikodolea macho.

"Cucu, naona dari tu."

"Dari ni safi. Nimetoa buibui."

"Inamisha simu. Tena kidogo. Sasa naona kidevu."

"Kidevu hakipigi piano. Sema."

Siku ile ya kwanza nilimweleza shida yangu. Kulikuwa na wimbo wa Krismasi tulioanza kujifunza mapema, kwa sababu kwaya yetu haina haraka ya kujua jambo. Kila ubeti ulikuwa unafika kwenye So, unasimama hapo kidogo, ndipo unarudi Do na kupumzika. Na ile So yangu, ya So, Ti na Re, ilikuwa inasimama tu kama mtu aliyefika stendi na hana safari. Akaniambia niongeze Fa juu yao. Nikaongeza. Palepale fungu likaanza kuvuta. Ukilipiga halafu uondoe mikono, ni kama umemwita mtu, amegeuka, nawe umenyamaza. Lazima umalize.

"Hiyo ni So ya saba," akasema. "Ukihesabu kutoka So, Fa ni wa saba. Hiyo ndiyo inayomrudisha kila mtu nyumbani. Na juu yake kuna wengine, Cucu. Kuna ya tisa, kuna ya kumi na moja, kuna ya kumi na tatu. Hapo wanaisha."

"Kwa nini zinapita hivyo? Ya nane imekufa?"

"Haijafa. Tunaruka tu. Weka mmoja, ruka mmoja."

Nikatazama vile vibao vyeupe. So unaweka, La unaruka. Ti unaweka, Do unaruka. Re unaweka, Mi unaruka. Fa unaweka. Nikamwambia, "Lakini hii ni kuita watoto majina!" Kwa sababu ndivyo tunavyofanya: huyu anarukwa, nyanyake anashikwa. Na aliyerukwa hajapotea, anangoja wajukuu wake wazaliwe. Nikaendelea kupanda. So wa pili nikamruka, nikatua kwa La. Nikaruka, nikatua kwa Do. Nikaruka, nikatua kwa Mi, ndiye wa kumi na tatu. Hao watatu, La, Do na Mi, ndio haswa niliokuwa nimewaruka chini. Walikosa kiti chini wakakipata juu. Ukiruka tena baada ya Mi unamkuta So, ukoo umezunguka wote. Majina yote saba ya do-re-mi yamo, hakuna aliyesahauliwa.

"Ni jamaa nzima," nikamwambia.

"Ni jamaa nzima. Sasa usiende kuwauliza nani alilipa mahari."

Jumatano iliyofuata akanitaka nimpigie ya tisa. Nikashika So, Ti, Re na Fa, na yule La nikamtia palepale ninapomjua, kando ya So. Zikalia kama watoto waliolazwa kitanda kimoja, kila mmoja anamkanyaga mwenzake.

"Huyo ni La wa chini, Cucu."

"La si La?"

"Ni La, lakini tunamtaka yule wa tisa. Wewe umeweka wa pili."

"Jina ni moja, basi mtu ni mmoja. Wewe si mimi?"

Akacheka hadi simu ikaanguka kwake, nikaona miguu ya kitanda na viatu vyake vya kazi. Alipoiokota alikuwa anafuta macho. "Mimi ni wewe," akasema. "Lakini siwezi kukaa ulipokaa. Tutafinyana. Mpandishe juu, apate hewa."

Nikampandisha La. Kushoto So peke yake chini kabisa, wenzake katikati, na La huko juu. Sijui niseme nini. Siku nyingine asubuhi ukungu unaondoka kwenye majani chai ghafla, unaona mbali hadi tambarare za Mbeere, na hukuwa umezitafuta. Fungu lilikuwa bado linavuta kwenda Do, lakini sasa halikuwa linavuta kwa haraka. Lilikuwa linakumbuka kwanza. Nilirudia, nikarudia. Yeye huko alikuwa amefumba macho, na sikujua kama anasikiliza au amelala kwa uchovu. Sikuuliza. Nilipiga polepole zaidi, nisimwamshe.

Miezi ikapita namna hiyo. Siku moja, kabla hata sijainamisha simu, akasema ameomba likizo ya Krismasi, na kazini wamesema ndiyo.

Nilijibu kitu cha kijinga. Nilisema, "Kutakuwa na matope."

"Nitavaa gamubuti, Cucu. Tutapiga ule wimbo pamoja, mimi na wewe, benchi moja. Tutaweka ile ya kumi na tatu mwisho wa kila ubeti. Inataka mikono minne ikae vizuri."

Akatugawia kazi. Mimi nishike chini: So kwa mkono wa kushoto, Fa na Ti kwa mkono wa kulia. Hao ndio wanaobeba, alisema, bila Ti na Fa hakuna anayevutwa kwenda popote. Yeye angekaa juu na kuweka Mi na La. Kidole changu cha pete cha kulia kimepinda kwa miaka ya kuchuma chai, hakinyooki hata nikikisihi, lakini kwa hao watatu wangu sikukihitaji. "Kaa kushoto mwa benchi tangu leo, uzoee," akaniambia. "Kulia ni kwangu." Nikasogea. Tangu siku hiyo nilikuwa nafanya mazoezi nimekaa pembeni, paja moja karibu kutoka nje, na kulia kwangu ubao mtupu wa benchi.

"Na Re?" nikamuuliza.

"Re tunamwacha. Hakuna atakayemkosa."

Hilo halikunisumbua. Re katika fungu hilo ni kama yule mjomba wa harusini, awepo asiwepo, chakula kitaliwa.

"Na Do?"

"Do pia tunamwacha."

Hapo tukagombana. Kwetu kumwacha mtu ambaye zamu yake ya kuitwa imefika si jambo dogo. Nawajua watu waliomruka mama ya mke wakaenda kumpa mtoto jina la rafiki yao, na yule mama hakukanyaga tena uani kwao hadi alipozikwa. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kama fungu hili ni la jamaa nzima, basi Do, ambaye ndiye nyumba yenyewe, hawezi kuachwa nje. Nikampiga kwa ukaidi. Do akakaa ubavuni mwa Ti na wote wawili wakaanza kuumana, hata mimi nikakunja uso.

"Umesikia?" akasema.

"Nimesikia. Lakini kwa nini anaachwa mwenye nyumba?"

Akafikiri. Alikuwa amekaa kitandani, ana kikombe cha chai mkononi, na dirisha lililokuwa nyuma yake lilikuwa limeshaingia giza ingawa kwangu bado jua lilikuwa juu. "Kwa sababu ndiye tunayemwendea, Cucu. Akiwa ameshaingia, fungu zima linakaa chini kula. Hakuna tena wa kungojwa."

Nje pikipiki ya maziwa ilipita, mitungi ikigongana. Nikaondoa kidole kwenye Do, nikapiga tena bila yeye. Ilikuwa kweli. Fungu lilisimama mlangoni, limejaa, linatazama njia.

Kwaya ilipolisikia mara ya kwanza, kiongozi wetu aliweka mkono kiunoni. Nilikuwa nimepiga sehemu yangu ya chini, halafu nikaruka kwa mkono kwenda juu kuwaonyesha Mi na La zitakavyokuwa.

"Hizo sauti zimechacha," akasema. "Kama uji wa juzi."

"Si uji uliochacha ndio unaoupenda wewe?"

"Naupenda kikombeni. Siupendi madhabahuni." Akina mama wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtoto akija, sawa, mtapiga mnavyotaka, tumemkosa sote. Lakini asipokuja, wewe tupigie ile So yetu ya kila siku. Krismasi kanisa linajaa watu kutoka Nairobi. Usituache hewani mbele yao, hatujui pa kushukia."

"Atakuja," nikasema.

"Mimi nimesema asipokuja."

Nadhani alikuwa ananihurumia, kwa namna yake. Wajukuu wake hujaa nyumbani kila Desemba hadi wengine wanalala kwa jirani. Huyo jirani ni mimi. Wananiletea magodoro yao na kelele zao, asubuhi wananikimbia kwenda kunywa chai kwa nyanya yao.

Nilifanya mazoezi hata siku zisizo Jumatano. Nilikuwa nashuka kutoka shambani baada ya kupeleka majani kwenye kituo, napitia kanisani na kikapu mgongoni. Watu walidhani nimeokoka upya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeingiwa na wazo, na sikumwambia mtu: kwamba nikilijua fungu lile barabara, nisikosee hata mara moja, basi hatakuwa na sababu ya kukosa kuja. Najua halina maana. Mtu akikaa peke yake muda mrefu anaanza kuwekeana mapatano na ukuta. Nililipiga hadi mikono ilijua bila mimi. Godoro lake nikalianika. Jogoo mmoja nikamtenga, nikawa namlisha mahindi mazuri, naye akaanza kunifuata kila mahali kama mbwa.

Simu ilikuja siku ambayo si Jumatano, na ilikuwa ya sauti tu, bila uso. Nilijua kabla hajasema.

"Cucu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Viazi. Sema."

"Kuna baridi huko?"

"Mtoto wangu, sema."

Likizo wameifuta. Wenzake wameugua, hakuna wa kushika zamu, na wazee hawawezi kuachwa. Aliyasema haraka haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Halafu nikamsikia anapumua.

"Hao wazee hawana watu wao wa kula nao Krismasi?" nikauliza.

"Wengine wanao. Wengi hapana."

"Basi usiwaache."

Nashangaa hadi leo jinsi nilivyolisema vizuri. Sauti ilitoka kavu kabisa. Akaniambia nipige ile So ya kawaida, hakuna shida, tutapiga ile nyingine siku nyingine. Nikamwambia nitaona. Tulipomaliza nikatoka nje kulitoa godoro kwenye ua kabla umande haujashuka. Ni godoro jepesi, la mtu mmoja. Siku hiyo lilinichukua muda mrefu kulifikisha ndani.

Siku ya Krismasi kanisa lilikuwa limejaa kama nilivyoambiwa. Watoto wa watu walikuwa wamevaa viatu vipya, wanatazama viatu. Mwanangu alikuwa kwenye zamu Kiambere. Maji hayajui Krismasi. Kwaya ikapanda, vitambaa vya kijani kichwani, kiongozi akanitazama na kuinua kidole kimoja, akimaanisha So moja, ile ya kila siku. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimekaa kushoto mwa benchi. Sikukusudia. Mwili ulikuwa umeenda mahali ulipozoea.

Ubeti wa kwanza ulipofika mwisho, nilishika wale watu wangu watatu, So chini, Fa na Ti, si zaidi. Lilivuta vizuri, kwaya ikashuka Do bila kusumbuka, kiongozi akaridhika, nikaona mabega yake. Hakuna aliyegundua kitu. Lakini mimi niliisikia ile nafasi ya juu. Mikono yangu ilipiga sehemu yake na kuacha wazi sehemu nyingine, kama vile unavyotembea njiani ukiachia upande mmoja mwenzako, na mwenzako hayupo. Ubeti wa pili ikawa vivyo hivyo. Nilijaribu kunyoosha mkono wa kulia kuifikia Mi, lakini kutoka pale nilipokaa kidole kilibaki hewani juu ya kibao, sikukigusa. Nikarudi.

Wakaanza ubeti wa mwisho. Waliimba vizuri siku hiyo, sijui kwa nini, pengine ni ule umati. Na mimi nikiwa napiga mafungu yangu madogo ya Do na Fa, nilikuwa nafikiri jambo moja tu: kwamba nikimaliza wimbo huu nikiwa pembeni hivi, nitaamka kesho na kukaa pembeni, na kesho kutwa pia. Nyumba yangu nzima nilikuwa nimeikalia hivyo.

Nikasogea katikati ya benchi.

Benchi lililia kwa sauti kubwa. Kiongozi akageuka. Nilikuwa sijawahi kufanya mazoezi kutoka hapo na sikuwa na wakati wa kuuliza vidole kama vinakubali. Mkono wa kushoto ukawachukua wawili, So kwa kidole cha mwisho na Fa kwa gumba, ukanyooka hadi nikahisi mshipa. Mkono wa kulia ukashika Ti, ukaruka hadi Mi, na kidole kidogo, kikikipita kile kilichopinda, kikatua kwa La. Nikawabonyeza wote kwa pamoja.

Lilikuwa fungu lenyewe, lote. Lilipanda hadi darini. Akina mama walikuwa wameshikilia sauti yao ya mwisho wakingoja nishuke nao, na mimi sikushuka. Nilikaa pale. Kiongozi alinitolea macho, pumzi za watu zilikuwa zinaisha, mmoja nyuma alianza kutetemeka sauti. Nilijua wanateseka. Lakini nilijua pia kwamba nikishuka Do, mwaka wangu umekwisha, ule nilioutumia kungoja, na kungoja kulikuwa ndiyo shughuli pekee niliyokuwa nayo.

Halafu nikashuka.

Nje, watu wakisalimiana, kiongozi alinijia. Nilitarajia upupu. Alinitazama mikono, akanishika ule wa kulia, akakanda kile kidole kilichopinda kwa gumba lake.

"Ulisogea kwa nini?" akauliza. "Nilidhani benchi limevunjika."

"Nilikuwa nimekaa vibaya."

"Ulitaka kutuua." Akaniachia mkono. "Njoo kwangu ule. Na umlete yule jogoo wako, hata kama yu hai, watoto wacheze naye."

Nilikula kwake, kwenye kelele. Nilirudi kwangu kabla ya giza, na simu ikalia, mara hii na uso. Alikuwa amesimama kwenye korido, amevaa kofia ya karatasi nyekundu juu ya mavazi yake ya kazi. Alikuwa amechoka hadi macho yalikuwa madogo.

"Ulipiga ipi?"

"Ile ndefu."

"Na mimi sikuwepo? Ulifikaje juu?"

"Nilikaa katikati."

Akavua ile kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Nilidhani simu imekwama, nikaigonga. Haikuwa imekwama.

"Na La ulimfikia?" akauliza baadaye.

"Nilimfikia."

"Basi vizuri, Cucu," akasema. "Vizuri sana."

Nyuma yake kengele ikalia, ikalia tena, na nikasikia sauti ya mwanamke mzee ikiita mtu, jina la kigeni ambalo sikulijua.

"Anamwita nani?"

"Ni yule wa chumba cha mwisho. Ananiita mimi. Ananiita kwa jina la binti yake."

"Basi nenda umwitikie," nikamwambia, na nikakata mimi kwanza.